Vidonge Kumi vya Irambona

Kila asubuhi Odeta alifagia uwanja, akachota maji, kisha akampikia uji mdogo wake Irambona, ambaye aliutazama kama mtu aliyeitwa polisi. Irambona alikuwa na miaka miwili, na miguu myembamba hata kuku wa kijiji chao cha Kanazi walimcheka.

Ijumaa, kliniki, nesi Tecla alimfunua Irambona kope ya chini ya jicho. "Damu yake ni kidogo. Mrudisheni Jumatatu tumpime."

Maneno hayo yalimkaa Odeta kifuani. Nyuma ya migomba yao kulikuwa na kaburi dogo la mdogo wake mwingine.

Mama yao, Leonsia, alikuwa mjamzito. Vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki alivificha kwenye kopo la mbegu za maharage.

"Mama, mbona huvimezi?"

"Vinanigombanisha na tumbo, mwanangu, na choo kinakuwa cheusi kama masizi. Nesi akikuuliza, sema namaliza vyote!" Mama akacheka.

Jumamosi mama alikwenda kupalilia. Odeta akafungua kopo. Alishaona mgomba uliodumaa unavyoongezewa samadi, ndoo moja isipotosha, zinamwagwa mbili. Basi akasaga vidonge kumi, akavichanganya na ndizi mbivu. Irambona alikula mpaka akalamba kijiko.

Saa sita mtoto akaanza kutapika, mwishowe akatapika damu. Mama alirudi mbio. Alasiri kutapika kukakoma, Irambona akalala tuli.

"Mungu ashukuriwe, amepata nafuu," alisema mama. "Ulimlisha nini?"

"Ndizi tu."

Odeta akamshika mdogo wake mkono. Ulikuwa wa baridi, na midomo ilikuwa imepauka. Akisema, ataitwa muuaji. Asiposema, watachimba tena nyuma ya migomba. Machozi yakamtangulia maneno.

"Mama, nilimpa vidonge vyako. Vitatu."

Mama hakupoteza muda kumpiga. Ndikuriyo, jirani mwenye bodaboda, aliwapandisha wote mpaka hospitali ya mjini Ngara. Daktari akamkazia macho Odeta.

"Vitatu kweli? Jibu lako ndilo litakaloniambia la kufanya."

"Kumi," alinong'ona.

Daktari akamchukua Irambona mikononi, akaenda naye mbio kumtibu.

Siku mbili Irambona hakumjua mtu. Odeta hakula, wala hakuna aliyemlazimisha. Siku ya tatu mtoto akafungua macho, akashika kitenge cha mama. Odeta alipomnyooshea mikono, Irambona akageuza uso.

Waliporuhusiwa, walipita kwa nesi Tecla.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba, Odeta. Nimesikia yote." Akamgeukia Leonsia. "Mama, choo cheusi ni kawaida ya vidonge hivi. Kichefuchefu hupungua ukivimeza baada ya kula. Vikikusumbua, niambie mimi. Ukiliambia kopo, halitakujibu. Na uviweke mahali mtoto hafiki."

Leonsia aliinamisha kichwa.

"Na wewe, Odeta, kinachojenga damu ya mama kinaweza kumuua mtoto. Hata vidonge vya nguvu na vitamini vina kipimo, na anayekijua ni mhudumu wa afya. Ulimpenda mdogo wako, hilo naliona. Lakini alipokuwa anatapika, ukweli wako ndio uliokuwa dawa yake ya kwanza, nawe ulimcheleweshea."