Moto Mdogo wa Buluu

Jiko lilikuwa limewaka tangu asubuhi na sebule nzima ilikuwa na joto la kumvua mtu sweta, lakini mikono ya Kidoti ilikuwa ya baridi kama ya mtu aliyetoka kufua nguo alfajiri. Mama yake aliishika, akaisugua, akamuuliza kama amechezea maji. Mtoto akatikisa kichwa. Alikuwa amekaa hapo hapo mbele ya moto tangu alipokunywa chai.

Mama huyo mtaani walimwita Mwalimu, maana alifundisha hesabu shule ya jirani na hata nyumbani aliishi kwa mpangilio wa ubaoni. Nyumba ilikuwa ya watu watatu: yeye, binti yake wa miaka sita mwenye alama nyeusi shavuni, na mama mkwe ambaye magoti yake yalijua baridi inakuja kabla ya redio. Mume alifanya kazi mbali, akirudi mara mbili kwa mwaka. Na mji wenyewe ulikuwa wa milimani, ule wa kuamka na kuona pumzi yako chumbani.

Jiko la kuotea moto, la gesi, la kujengewa ukutani, lililetwa na mdogo wake, fundi gesi ambaye kila mtu alimwita Bomba. Mama yao alipofariki, Bomba alikuwa na miaka minne. Mwalimu ndiye aliyembeba mgongoni, aliyemfunga viatu, aliyemgombeza na kumlilia. Watu wote walipiga hodi katika nyumba ile, hata mama mkwe alipiga hodi mlangoni pa chumba. Aliyeingia moja kwa moja hadi kwenye sufuria alikuwa mmoja tu, Bomba, na Mwalimu alijivunia jambo hilo kuliko vyeti vyake.

"Limetoka kwa mteja aliyehama," Bomba alisema siku ile, jiko likiwa mikononi. "Zawadi, dada. Usiniulize bei."

Alisimama kizingitini kidogo, kama mtu aliyesahau kitu garini. Macho yake yalikuwa mekundu. Mwalimu akamcheka: "Ingia basi, au leo umekuwa mgeni?" Akaingia, bila hodi, kama kawaida yake.

Kazi yake ilikuwa safi, hilo tusimnyime. Alipitisha bomba la moshi hadi nje, akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo kuona kama gesi inavuja, na hakikutoka hata kipovu kimoja. Mwalimu akatoa daftari. Alikuwa ameandika maswali kumi na moja, yenye namba.

"Je, ni lazima hewa iliyoungua itoke nje?"

"Lazima. Atakayekuambia si lazima, mfukuze."

"Umeme ukikatika?"

"Utaota vilevile. Hiki kitufe kinatoa cheche kwa betri."

"Naweza kuliacha linawaka tukilala?"

"Hapana. Funga valvu, ulale."

Akajibu yote, taratibu, kama anayetoa dawa. Hadi la kumi na mbili, ambalo Mwalimu hakuwa ameliandika. Aliliona tu wakati huo, pale chini nyuma ya magogo ya bandia yaliyopambia jiko. Ulikuwa moto mdogo wa buluu, mrefu kama kucha.

"Na huu?"

Bomba alikuwa anakusanya spana. Hakugeuka. "Huo ni wa kuwashia mkubwa. Huo usiuzime, dada. Hata ukifunga valvu utauona, ni gesi iliyobaki kwenye bomba. Uache tu."

Mwalimu akaandika: *Moto mdogo, usizimwe.* Akaupigia mstari. Jumatatu yake alisimulia chumba kizima cha walimu kwamba ukiwa na ndugu kama wake huhitaji bima.

Wiki ya pili baridi ya Kidoti ilipanda kutoka mikononi hadi kwenye viwiko. Zahanati walimpima wakamwona mzima, ila kipimajoto kilisoma chini, wakabadilisha kipimajoto, nacho kikasoma chini. Nyumbani kukaanza harufu, si ya gesi, bali ya nywele mbichi zinazoungua. Mwalimu akampigia simu mdogo wake.

"Ni rangi ya kiwandani," Bomba alijibu upesi mno. "Siku za mwanzo ndivyo ilivyo. Fungua dirisha kidogo."

"Na ule mlio? Linalia kama mtu anayeliza vidole."

"Chuma kikipoa hulia. Kidoti hajambo?"

Akamwambia Kidoti anasikia baridi. Bomba akasema ana mteja, akakata. Mwalimu alibaki na simu sikioni. Kitu kilikuwa hakijumlishiki. Jiko lililotumika kwa mteja mwingine, rangi yake ya kiwandani inaungua leo?

Jioni hiyo alimkuta Kidoti amepiga magoti mbele ya kioo cha jiko, mdomo karibu kugusa, ananong'ona.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Na yule mdogo."

"Mdogo gani?"

"Wa buluu. Anasikia baridi, mama. Aliniomba nimpe joto kidogo." Mtoto akapiga mwayo, pumzi yake ikaonekana, nyeupe, katika sebule yenye moto unaowaka. "Nikampa."

Asubuhi yake hakumpigia Bomba. Alimwita fundi mwingine, mzee wa miwani, akitaka kwanza hewa ipimwe kama ina sumu. Mzee alipima sebule, akapima chumba cha mtoto. Hewa safi. Akainama akafunga valvu. Moto mkubwa ukafa. Ule mdogo ukabaki. Akasubiri, akafungua kiungo, akalitoa bomba la gesi kabisa na kulilaza sakafuni. Ule mdogo ukabaki, wima, hautikisiki.

"Ndugu yangu amesema ni wa kuwashia," Mwalimu alisema, na sauti yake ikamtoka ndogo.

Mzee alivua miwani. "Mwalimu, jiko la aina hii halina moto wa kuwashia. Linawashwa kwa cheche, si unaona kitufe? Mwanafunzi wa wiki moja analijua hilo." Akautazama moto tena, nao, Mwalimu angeapa, ukainama upande wake. Mzee akaondoka bila kudai ujira, na koleo lake aliloliacha hajalifuata hadi leo.

Kidoti hakuwa na nguvu ya kutembea. Mwalimu alimwacha kwa mama mkwe, chumba cha nyuma, chini ya mablanketi matano, akaenda kwa mdogo wake bila kubadili hata kandambili. Uani alimkuta mtoto wa Bomba anapiga mpira ukutani, jasho linamtiririka. Mtoto huyu huyu miezi miwili iliyopita alikuwa hoi kitandani. Wakasema ni malaria, wakasema ni damu. Wifi yake akatoka akikausha mikono, mwenye furaha isiyo na habari: "Umemwona? Tangu lile jiko litolewe ukutani, wifi, mtoto amerudi kuwa mtoto!"

Ndani, katikati ya ukuta wa sebule, palikuwa na kiraka cha plasta kisichopakwa rangi. Mteja aliyehama alikuwa Bomba mwenyewe. Naye alikuwa amesimama pembeni yake, mikono imemlegea.

"Alikuwa anakufa, dada."

"Ukaniletea mimi."

"Nililitupa jalalani, likawaka huko huko na mtoto akazidiwa. Nikaliokota, nikawapa watu wawili kwa zamu, kila nikirudi nakuta moto unawaka hapa ukutani, bila jiko." Alikuwa anakwepa macho yake. "Nikaenda kwa mshona mapazia mmoja anayetoa watu majini. Akasema hili halijui hodi wala karibu, linapita tu pale anapopita mtu asiyepiga hodi. Na mimi nyumba nisiyopiga hodi ni yako tu."

Mwalimu alitaka kukaa, akakosa pa kukaa.

"Nilifikiri," Bomba alisema, "nyinyi mko watatu. Nilifikiri mtagawana baridi yake kidogo kidogo."

Aliwagawanya kama mkate. Mtoto aliyembeba mgongoni alikaa akapiga hesabu, na hesabu ilianza na mapenzi ya dada yake. Uchungu huo ulimchoma Mwalimu hata kabla ya hofu, na alijua kwamba kama angepona kila kitu kingine, hapo hangepona.

Mshona mapazia, Mwalimu alipomfuata siku hiyo hiyo, alikuwa mwanamke mfupi mwenye pini mdomoni. Alisikiliza hadi mwisho, hakusimamisha cherehani. "Mlango wake ni ndugu yako," alisema. "Ufunge. Mfukuze akiwa ndani ya nyumba, mbele ya moto, kwa kinywa chako. Na umaanishe. Ukiigiza, litajua."

Bomba aliitwa saa kumi jioni, akaja. Kwa mazoea ya miaka, akaingia bila hodi, kisha akagundua alichofanya, akalia. Ule moto ukarefuka kidogo kumlaki.

"Dada, nisamehe."

Na Mwalimu, aliyedhani itambidi ajilazimishe, alijikuta maneno yanamtoka yenyewe, na alipokuwa akiyasema harufu ya nywele ilijaa sebule hadi machozi, na chuma kikaanza kulia vidole vyote kumi, na kioo cha jiko kikafuka pumzi kwa ndani kama kuna mtu aliyebandika mdomo hapo, na kutoka chumba cha nyuma Kidoti akaanza kuita "mama, ananivuta, mama, ananivuta," wala Mwalimu hakugeuka kwa sababu alijua akigeuka atakatiza, akaendelea kumtazama yule aliyemlea usoni na kusema, "Toka. Hapa huna dada. Nyumba hii si yako, haikuwa, wala haitakuwa. Kuanzia leo ukifika mlango huu upige hodi kama mgeni yeyote, na mimi nikitaka nitaitikia, nisipotaka utarudi ulikotoka." Alimaanisha kila neno.

Moto mdogo ukazimika.

Kidoti aliomba maji. Mikono iliyopokea kikombe ilikuwa ya moto, yenye jasho la homa ya kawaida, na Mwalimu aliinusa kama mkate. Bomba alikwisha kuondoka. Jiko walilitoa wiki hiyo hiyo, shimo likazibwa, ukuta ukapakwa rangi. Mama mkwe alirudia jiko la mkaa na malalamiko yake, na joto la mtoto likabaki pale linapotakiwa.

Mwezi mmoja baadaye, Jumapili mchana, Bomba alikuja. Mwalimu alimwona kupitia pazia akiwa amevaa shati alilomnunulia yeye. Alisimama mbali na mlango, akapiga hodi. Akasubiri. Hodi ya pili. Kwa ndani, Mwalimu alikuwa ameuma mkono wake mwenyewe. Hodi ya tatu, ya sauti ya chini, kisha akageuka, akashuka njia, akafungua geti, akalifunga vizuri nyuma yake kama alivyofundishwa utotoni. Mwalimu aliutazama mgongo wake hadi ulipofika kwenye kona.

"Hodi."

Sauti ilikuwa ya Bomba. Ilitoka nyuma yake, ukutani, ndani ya plasta mpya.

Ndipo alipokumbuka maneno aliyoyasema siku ile, upige hodi kama mgeni yeyote na nikitaka nitaitikia, na kwamba hawakuwa wawili tu waliokuwa wakisikiliza.

"Hodi wenyewe," ukuta ulirudia, kwa adabu kabisa.

Kidoti, aliyefundishwa tangu ajue kusema kwamba hodi haiachwi bila jibu, aliinua kichwa kutoka kwenye mwanasesere wake na kufungua kinywa. Mwalimu alimrukia, akamziba mdomo kwa kiganja. Midomo ya mtoto ilikuwa na joto, ikitapatapa chini ya mkono wake, inataka kuitikia.