Stoo ya Ngazi za Nyuma

Enyi wenzangu tunaopangana maghorofani kama sahani kabatini, nisikilizeni. Haya ya fundi cherehani wa ghorofa ya sita yanatuhusu sote.

Alasiri ile korido yao ilichangamka. Huyu anasukwa, yule anachambua mchele, na fundi anatia vifungo huku umbea wa jengo zima ukimpitia masikioni. Mama yake, ambaye magoti yalishamgomea, alikuwa amejilaza ndani.

"Fundi, stoo yako utaipaka rangi lini?" kinyozi wa mlango wa mwisho alimtania. "Nataka kuhamia."

"Baiskeli yako imeshahamia. Kwanza nyamaza, mpangaji wangu."

Wakacheka. Stoo yenyewe ilikuwa ngazi za nyuma. Vyumba vya jengo lile ni finyu, nawe unajua vitu vinavyozaana. Fundi alianza na robota moja la vitambaa. Hakukemewa, akaongeza, hadi ngazi zikajaa kuteremka mpaka kwenye kona. Mwishowe akaweka geti la chuma na kofuli pale juu, korido inapokutana na ngazi, eti wezi. Majirani wangegomaje, na kila mmoja kapewa pembe yake? Ufunguo ulikaa mfukoni mwa fundi.

Uzi ulipomwishia, akashuka dukani.

Alipotoka dukani aliona watu wameinua nyuso. Mtungi wa gesi ulikuwa umelipuka ghorofa ya tatu, na moshi mweusi ulipanda kwa ngazi za mbele kama bomba la jiko.

"Mama," alisema, akazunguka nyuma mbio.

Alipanda hadi pale marobota yake yalipoanza. Juu yake, nyuma ya geti, mikono ilitikisa vyuma.

"Nani huyo?" Ilikuwa sauti ya kinyozi, katikati ya kikohozi.

"Mimi. Ufunguo ninao, ila sifiki."

"Mama yako tumemtoa, tumemlaza hapa sakafuni. Vuta vitu vyako, dada yangu. Vuta."

Akavuta. Vitambaa vya wateja, majora ya hariri, vyote akavibwaga chini bila kuangalia. Kisha ikaja meza ya jirani, kisha godoro la jirani mwingine, kisha baiskeli iliyonasa kwenye vyuma vya kando ya ngazi ikakataa katakata.

"Ikunje, ivunje," kinyozi alisema. "Usiionee huruma."

Haikukunjika. Kinyozi akapenyeza mpini wa fagio kati ya nondo za geti. Fundi akajinyoosha juu ya lundo, akauning'iniza ufunguo kwenye ncha. Kofuli likafunguka. Watu wakateremka wakitambaa juu ya vitu vyao wenyewe, wakianguka na kuinuka. Kinyozi alitoka mwisho, mama mgongoni.

"Mama, nipo," fundi alisema.

Mama alimshika mkono. Alifariki kabla ya kufikishwa hospitali.

Msibani majirani walijaa, wakainamisha vichwa. Hakuna aliyemlaumu fundi, maana nani angeanza? Mwishowe fundi mwenyewe akasema:

"Nilaumuni, jamani. Mkininyamazia, wiki ijayo mtarudisha vitu ngazini."

Kinyozi akajibu taratibu, "Tukulaumu kwa mdomo gani, dada? Mimi ndiye niliyesimama na mama yako pale getini, nikiitazama baiskeli yangu."

Wanaume wakaondoka matangani, wakaenda kuling'oa geti.

Mafunzo

Ndugu zangu, waliochora majengo yetu hawakuweka ngazi za pili kwa urembo. Korido, ngazi na mlango wa dharura ni vya kila mtu, na anayejimegea kipande humega roho ya jirani na ya mzazi wake. Naye anayenyamaza kwa kuwa kapewa pembe, ameshiriki. Ukimaliza kusoma hapa, toka nje ukaangalie ngazi zenu. Ukikuta kitu chako, kitoe leo.