Tiketi ya Marehemu

Adhuhuri moja, jua likiwa utosini, Warda aliona kwenye kompyuta yake kwamba mumewe ameingia kazini.

Mumewe, Jaafar, alikuwa ametiwa kaburini mwezi uliopita. Pikipiki yake iligongwa na lori la mchanga kwenye barabara ya Lunga Lunga, akafa pale pale.

Warda alikuwa yumo edani, ile miezi minne na siku kumi ya mjane, katika nyumba ya mama mkwe wake, Bi Dama, huko Msambweni. Hatoki, hajipambi, haonani na mwanamume asiye maharimu wake, yaani anayeweza kumwoa. Wote wawili, yeye na Jaafar, walikuwa wa ofisi ya kompyuta katika hoteli moja kubwa ya Diani, na mkubwa wao, Jethro, alimruhusu mjane afanyie kazi nyumbani. Kazi yake ilikuwa programu ya tiketi. Si tiketi za karatasi. Mfanyakazi akiingia asubuhi na neno lake la siri, mtambo humpa kibali cha siku, na kibali hicho ndicho kinachomfungulia mafaili na milango hadi jioni, kisha kinakufa. Mwisho wa kila tiketi uliandikwa kwa namba moja ndefu, hesabu ya sekunde hadi saa ya kufa kwake. Warda ndiye aliyeiandika sehemu hiyo, na ndiye aliyeamua kwamba palipo na sifuri, programu ielewe hakuna mwisho. Aliiweka kwa ajili ya mitambo isiyozimwa, kama majokofu ya jikoni.

Jioni ile ya mazishi, watu wakiwa bado wanasoma Yasini barazani, tiketi ambayo Jaafar aliichukua asubuhi hiyo, kabla ya ajali, ilifika mwisho wake na jina lake likazimika. Warda hakuweza kulivumilia. Alimtolea marehemu tiketi nyingine, na mahali pa muda akaandika sifuri. Taa ndogo ya kijani ikawaka tena kando ya jina. Alitaka kuiona tu, basi.

Sasa tiketi ile ilikuwa imefungua mlango wa chumba cha mitambo.

Alimpigia Jethro. "Nani yumo chumba cha mitambo?"

"Hakuna mtu. Mimi niko hapa karibu na mlango," Jethro alisema. Kisha sauti yake ikashuka. "Ngoja. Uko wazi. Warda, nani amefungua hii kitu? Na kuna harufu... kama ile dawa mliweka kwa sanda ya Jaafar."

"Karafuu maiti," Warda alinong'ona.

"Sijui jina. Ni hiyo."

Siku zilizofuata tiketi ilifungua milango mingine. Ilifungua ofisi ambayo Jaafar alikuwa akikaa, halafu ghala, halafu lango la nyuma la hoteli. Ilikuwa kama mtu anayetafuta njia ya kutokea. Kisha ikatulia. Warda alipoangalia mahali pa mwisho ilipotumika, alisoma mara mbili. Palikuwa pameandikwa jina la kompyuta yake mwenyewe, hiyo iliyokuwa mapajani mwake.

Harufu ya karafuu maiti ilikuwa imekwisha kujaa chumbani.

Binti yake Hafsa, mwenye miaka sita, alikuwa amekaa sakafuni akimtazama.

"Mama, baba anasema ufunge dirisha. Jua linamuumiza."

"Baba yupi, mwanangu?"

"Huyo aliyekaa nyuma yako."

Warda hakugeuka. Alisikia godoro likididimia mgongoni pake, taratibu, kama linavyodidimia mtu mzito anapojilaza, na akahisi baridi ikimpanda shingoni hadi nyuma ya sikio, mahali ambapo Jaafar alizoea kumpumulia akilala, lakini pumzi hii haikuwa na joto wala haikuwa na kituo, iliingia ndani tu, ikaingia, ikaendelea kuingia, kana kwamba kilichokaa pale hakikujifunza bado kwamba mtu akivuta pumzi hana budi kuitoa.

Alimnyakua mtoto, akakimbilia uani.

Tangu hapo Hafsa hakula. Alilala macho wazi, na jua likifika utosini alizungumza kwa sauti nzito ya kiume, akimwita Warda "mke wangu". Bi Dama aliposikia sauti ile aliketi kando ya mkeka, akaushika mguu wa mjukuu wake, akalia.

"Kama ni mwanangu, mwache akae," alisema. "Mwache, Warda. Sikumuaga."

"Si yeye, mama. Mtazame mtoto. Anakwisha."

Kweli mtoto alikuwa anakwisha. Mbavu zilimtoka, nywele zikabaki kwenye mto. Walimpeleka kwa daktari, na Warda akavunja ada ya kutotoka kwa ajili hiyo, lakini vipimo havikuonyesha kitu. Alimpigia Jethro akamwambia yote, bila kuficha ile sifuri.

"Nimefuta jina lake kila mahali," Jethro alimjibu alipompigia tena baadaye. "Tiketi bado inafanya kazi. Wewe ndiye unajua. Ikishatoka, haimuulizi tena aliyeitoa. Inaangaliwa muda wake tu."

"Badilisha ufunguo mkuu unaozitia muhuri. Tiketi zote zife."

"Zote? Hoteli imejaa, Warda! Hata kadi za vyumba ni tiketi, milango itajifunga, wageni watabaki nje. Watanifuta kazi."

"Mwanangu anakufa, Jethro."

Kisha akasikia Jethro akivuta kiti. "Sawa. Nafanya."

Taa ya kijani ilizimika. Warda aliinua macho kumtazama mwanawe, akitumaini, na Bi Dama naye akatazama. Hafsa alicheka, polepole, kwa ile sauti nzito.

"Umefunga mlango," alisema, "nami nimo ndani."

Ndipo Bi Dama alipojifunga buibui, akaenda mwenyewe kumwita Ustadh Sharif, mwalimu wa madrasa aliyesifika kwa kisomo. Alikuwa mtu mwembamba mwenye pumu, na alipoingia tu na kunusa, alisita kizingitini. Warda alikaa nyuma ya pazia, kwa heshima ya eda. Ustadh alisoma hadi sauti ikamkauka, na mtoto akajikunja kama uzi ulioshikwa moto.

"Nani kakuruhusu nyumba hii?" Ustadh aliuliza.

"Mke wangu."

"Huna mke hapa. Muda wako ni hadi lini?"

"Muulize mwenyewe aliandika nini."

Ustadh aligeukia pazia. "Uliandika nini, binti yangu?"

"Sifuri," Warda alisema. "Maana yake hakuna mwisho."

Ustadh alijifuta jasho. "Basi wewe uliyempa ndiwe wa kumkatia. Mwambie atoke sasa. Sasa hivi, unanisikia? Usimpe hata dakika."

"Toka!" Warda alipiga kelele. "Toka sasa!"

"Nikitoka sasa natoka naye," sauti ilijibu kwa upole. "Nipe muda, nitamwacha."

"Usimpe!" Ustadh alisema, akikohoa.

Lakini Bi Dama alikuwa akipiga mayowe kwamba mtoto hapumui, na Warda alilipasua pazia akaiona midomo ya Hafsa imekuwa ya samawati, na vidole vyake vidogo vinakwangua mkeka, kisha havikwangui tena, na Ustadh anasoma huku akilia, na hakuna aya inayomaliza kusomwa kabla kikohozi hakijaikata, na yeye hana muda wa kufikiri, hana muda wowote duniani, akalitamka lililomjia kwanza.

"Hadi eda yangu iishe! Eda ikiisha uwe umetoka, na jina la Jaafar usilitumie tena!"

"Nimekubali," ilisema sauti.

Hafsa alivuta pumzi, akaomba maji.

Wanawake wawili walimkumbatia wakilia kwa furaha. Ustadh Sharif peke yake alibaki ameshika kichwa.

"Warda, Warda. Eda ikiisha, mwanamke huwa..." Hakumalizia. Alikusanya vitabu vyake akaondoka.

Miezi ikapita kwa salama. Harufu ilitoweka, Hafsa akanenepa, akarudi shule. Jethro alifokewa na wakubwa lakini hakufukuzwa. Siku ya kutolewa edani walikuja jamaa kutoka Gazi, wakamwogesha Warda, wakamvisha nguo mpya, wakamfukiza udi. Uani wanawake walikuwa wakikaanga maandazi na kucheka.

Mlango wa mbele ukabishwa.

"Hodi, wenyewe!" Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya ugenini, laini. "Nasikia binti yenu yuko huru leo. Nimekuja na posa."

Hafsa aliingia mbio, akajificha katika nguo mpya za mama yake, akitetemeka. Warda alitaka kupiga kelele asijibiwe, asijibiwe na mtu yeyote, lakini alikuwa amechelewa. Akasikia shangazi yake wa Gazi, asiyejua chochote, akipaza sauti kutoka uani huku akikung'uta unga mikononi.

"Karibu, mwanangu! Pita ndani, hapa ni kwenu siku zote!"