Papa Mugisho Anaingia Ukumbini

Jumamosi asubuhi, nyumba ya Papa Mugisho mjini Lewisville ilinukia sombe, mboga ya majani ya muhogo. Mke wake, Clothilde, alikoroga sufuria akiimba. Binti yao, Merveille, alikuwa chumbani akijaribu gauni la harusi.

"Papa, kuja uone!"

Papa Mugisho aliinuka. Mkono wake wa kulia ulitetemeka. Alitembea kwa hatua fupi hadi mlangoni, kisha akakwama. Miguu ilikataa kabisa.

"Twende, Papa!" Merveille akamvuta. Papa akayumba, nusura aanguke.

"Uniache! Umeona? Nitakwama hivi mbele ya wageni. Watasema nimelewa. Mjomba wako Florent akuingize ukumbini."

"Florent? Huyo hata kucheza hajui! Nataka wewe."

Kwa desturi ya kwao, baba haingii ukumbi wa harusi kwa kutembea tu. Anamwingiza binti yake akicheza.

Clothilde akakimbia kumwita jirani yao, Kathure, Mkenya anayewafundisha wagonjwa mazoezi ya viungo.

"Mzee wangu, kama daktari alivyokuambia, una ugonjwa wa Parkinson," Kathure alisema. "Si pombe, si uchawi, na hauambukizi. Ubongo unapungukiwa na kitu kinachousaidia mwili kusogea. Dawa za daktari zinasaidia. Mazoezi pia. Lakini nyinyi, msimvute! Mtamwangusha."

"Sasa tufanye nini?" Clothilde akauliza.

"Akikwama, asimame kwanza. Avute pumzi. Aegemee mguu mmoja, kisha mwingine. Halafu apate mdundo, apige hatua kubwa. Mtu awe karibu naye. Mzee, si uliimba kwaya?"

"Zamani. Sasa sauti imekuwa ndogo."

"Hiyo hiyo ndogo. Imba!"

Clothilde akapiga sufuria kwa mwiko. Papa akaanza kuimba kwa haya. Mguu ukainuka. Akavuka mlango!

"Yesu wangu!" Clothilde akapiga kelele. "Rudi, vuka tena!"

Kuanzia hapo walifanya mazoezi kila jioni kwenye maegesho ya magari, muziki juu, Kathure akipaza sauti: "Hatua kubwa, mzee! Kubwa!"

Siku ya harusi ikafika. Mlango wa ukumbi ukafunguliwa. Papa akakwama palepale. Florent akaruka kumshika mkono.

"Usimguse, Mjomba!" Merveille akasema. Akasubiri kando ya baba yake.

Papa akavuta pumzi. Akaegemea kushoto, akaegemea kulia. Akaimba. Merveille akaitikia, wapiga ngoma wakadaka mdundo, ukumbi mzima ukasimama. Mguu wa Papa ukaruka! Aliingia akicheza, mkono unaotetemeka ameuinua juu, wote wauone. Vigelegele vilitikisa madirisha.

Ugonjwa haukuondoka. Lakini Papa hakujificha tena. Alizunguka meza zote, Florent akimfuata nyuma akikosea hatua.

"Papa Mugisho, kaa sasa!" Clothilde aliita. "Watoto wakate gato ya harusi!"

"Gato ingoje!"