Maneno ya Lucien Kinywani mwa Sylvain

Baraza ya mahakama ya watoto pale Lilongwe ilijaa wazazi waliopeana migongo. Vénérande, mshonaji wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, aliyevaa gauni la kitenge cha kijani alilolishona mwenyewe, aligeuka ghafla akamkanyaga mtu mguu.

"Pole, papa!"

"Ah, mutu wa Bukavu!" Mwanamume mwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri alicheka. "Kanyaga tena, nisikie hiyo sauti."

Aliitwa Sylvain, mkalimani wa mahakama, na wakapeana namba. Jioni alipiga simu. Kesho yake tena.

"Chérie, umekula?"

"Nimekula nsima. We unapigaka simu kama mutu hana kazi."

"Kazi yangu ni kusema maneno ya bengine. Kwako nasema yangu."

Vénérande alimweleza kesi yake. Aliyekuwa mumewe, Lucien, aliwaacha miaka mitatu iliyopita, akahamia kwa mwanamke mwingine mtaa wa Kawale. Katika miaka hiyo hakumjulia hali binti yao Merveille hata alipolazwa kwa malaria. Kisha mtu mmoja kilabuni akamwambia kwamba wakimbizi wenye watoto hupelekwa Kanada upesi. Wiki hiyo hiyo Lucien akaanza kulia machozi ya ubaba, akafungua kesi amchukue mtoto.

Siku ya kesi mkalimani aliyepangwa aliugua, akaitwa Sylvain. Alijua ilimpasa kukataa. Akanyamaza, akidhani atakuwa karibu na mpenzi wake.

Lucien alisimama ndani ya suti ya kuazima, mikono ya koti ikimfika vidoleni. "Mi njo baba. Huyu mwanamuke ni malaya. Mutoto ataharibika."

Sylvain akatafsiri kwa Chichewa, neno kwa neno. Vénérande, aliyeishi Malawi miaka tisa, hakuhitaji mkalimani kulielewa neno lile hata kwa Chichewa. Alimtazama. Sylvain akafunga daftari.

"Mheshimiwa, nisamehe. Sifai kwa kazi hii. Nampenda huyu mama."

Kesi ikaahirishwa wiki tatu. Lucien alicheka hadi ufizi ukaonekana. "Munaona? Hata mukalimani!"

Nje, Vénérande alimkabili Sylvain. "Ungesema asubuhi! Umenitukana kwanza, kisha ukanipenda mbele ya bantu. Wakinyanganya mutoto wangu, utanipa mwingine?"

Hakupokea tena simu zake.

Wiki tatu zikapita. Lucien alirudi na jozi ya viatu vyekundu ndani ya boksi, akaviinua juu kama padri anayeinua kikombe. "Baba njo huyu, Mheshimiwa! Nimemuletea bilatu."

Hakimu, mama wa makamo, akaomba mtoto avijaribu. Merveille, mwenye miaka minane, aliketi sakafuni akasukuma. Vidole viliingia, kisigino kikabaki nje.

"Ulinunua vya mtoto wa miaka mingapi?" hakimu aliuliza.

"Mitano," Lucien alijibu haraka, akijisifu kwamba anakumbuka.

Hata karani aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Hakimu hakucheka. Alisema sheria hutazama maslahi ya mtoto kwanza: Merveille abaki kwa mama, baba achangie chakula na shule, na amtembelee kila Jumapili mchana.

Vénérande alipiga simu akiwa bado kwenye ngazi.

"Sylvain, nimemupata mutoto wangu."

Sylvain alimshukuru Mungu. Kisha: "Nilikosa. Niliogopa nikikataa kazi ile utaona nimekukimbia."

"Ulikosa, ndiyo. Lakini we ulikubali kosa mbele ya hakimu. Yule hajawahi kukubali hata mbele ya Mungu."

"Basi nikuoe."

"Tulia, we! Mi iko na mukubwa nyumbani. Kuja Jumapili ku Dzaleka, umuombe Merveille."

Jumapili Sylvain alifika juani, vumbi limemjaa hadi nyusi. Merveille alimhoji nusu saa nzima: anaweza kupika sombe ya majani ya muhogo? Anakoroma? Mwishowe akamsogezea kiti.

"Ikala," alisema. "Kiti ni ya papa Lucien. Leo ni siku yake, lakini yeye hakuye."