Magunia Matatu ya Tochi

Tukubaliane mapema: mjinga wa siku ile alikuwa Chaji, na mwenyewe hakatai. Alisimama uani kwa wakwe zake watarajiwa, kifua mbele, akifungua magunia matatu ya tochi kama mtu anayefungua masanduku ya mahari.

Mchumba wake aliitwa Mpole, jina alilopewa na watu ambao hawajamkosea. Akaingiza mkono gunia la kwanza, la pili, la tatu.

"Mishumaa iko wapi?"

"Mpenzi, watu wa mjini wamechanga tochi mpya, na betri ndani. Mshumaa unazimwa hata na chafya."

Mafuriko yalikuwa yamesomba mizabibu ya kijiji kizima na kuangusha nguzo za umeme. Kilichosalia ni zabibu zilizovunwa kabla ya mvua, sasa zikichachuka kuwa mvinyo ndani ya mapipa, kwenye handaki chini ya nyumba. Ujumbe wa Mpole ulikuwa mfupi: "Tuchangishie mishumaa. Mingi. Feni ya handaki imezimika." Chaji, fundi simu, aliusoma, akacheka, akaamua kuuboresha.

"Baba yuko wapi?" Mpole akauliza ghafla.

Mama yake akajibu kutoka jikoni kwamba mzee kachukua tochi moja, kashuka kukoroga mapipa. Mshumaa wa mwisho uliisha jana, naye kachoka kusubiri.

Mpole akakimbia, Chaji nyuma yake. Mlango wa handaki ulikuwa wazi. Chini, mwisho wa ngazi, tochi ilikuwa ikimulika viatu vya mzee, ncha zikitazama juu.

"Baba."

Kimya. Chaji akatanguliza mguu, akavutwa shati.

"Zabibu zikichachuka zinatoa hewa mbaya, inatulia huko chini. Mshumaa ukizimika, unatoka mbio. Ndiyo kazi yake."

Chaji akatazama chini. Tochi yake mpya iliendelea kuwaka vizuri kabisa.

"Basi nishuke mimi. Nitabana pumzi."

"Ukianguka wewe na hilo tumbo, nani atakuvuta? Shika kamba."

Mpole akatwaa kamba mbili zilizoning'inia mlangoni: moja akajifunga kiunoni, nyingine akashuka nayo mkononi, pumzi kaibana. Chaji akahesabu sekunde. Kumi. Ishirini. Alipofika thelathini alikuwa akimwita majina ambayo hata wakati wa kutongoza hakuyathubutu. Arobaini, kamba ya kiunoni ikalegea.

Akavuta kama mwendawazimu. Mpole akatokea akitambaa, uso wa kijivu, akaanguka kwenye nyasi.

"Nimemfunga. Mvute."

Walimvuta watatu, pamoja na mama. Mzee alilazwa upeponi, hana fahamu. Mama akawa anamwita kwa jina la ujanani, polepole, kama anayemwamsha asichelewe kazini. Ikapita dakika ndefu kuliko mwaka. Kisha mzee akakohoa, akauliza kama kuna aliyekoroga mapipa.

Chaji akakaa chini, akalia bila kujificha. Alipomaliza kulia, kama wanaume wengi, akatafuta wa kugawana naye kosa.

"Na wewe ungeniandikia sababu, Mpole. Mimi ningejuaje?"

"Ungeuliza."

"Nilitaka kuwaletea kilicho bora."

Mpole akaanza kufungua kamba kiunoni. Chaji akaogopa upya, safari hii kwa ajili yake mwenyewe.

"Au ndiyo uchumba umevunjika? Sema nijue."

"Harusi ipo," Mpole akasema, akikunja kamba. "Ila nikikutuma chumvi, lete chumvi. Usiniletee sukari eti ni tamu."