Tenga la Kwenda Kibara

Jeska wa Bweri alikuwa na mdomo, na kuku wake waliujua. Kila asubuhi alifungua banda huku akiwasema. "Tokeni, wavivu nyie! Jua lote hili, bado mmelala?" Kuku walitoka mbio kugombania pumba, na Jeska alicheka. Aliwapenda, basi tu.

Asubuhi moja hakuna aliyetoka mbio. Jogoo alikuwa amekufa, na mitetea miwili pia. Mtetea mwingine alikuwa amejikunyata, anaharisha kijani, shingo imepinda.

"Jamani! Jana si walikula vizuri kabisa?"

Mume wake, Lameck, alikuja na kisu. "Huyu tumchinje kabla hajafa. Si ndiyo tunafanyaga?"

"Na hawa wazima?"

"Wapeleke kwa mama, Kibara. Huko hakuna ugonjwa."

Wazo hilo lilimwingia Jeska. Mama yake, Lukresia, alikuwa mjane. Chumvi, sabuni na hata dawa za presha, vyote vilitoka kwa kuku wake. Banda lake lilikuwa kubwa, nafasi ipo. Jeska akawatia kwenye tenga kuku waliobaki, akaita bodaboda.

Pikipiki inawaka tu, jirani yao Rhobi akatokea. Rhobi alikuwa afisa mifugo wa kata.

"Mama Gody, safari ya wapi na tenga?"

"Nawahamishia kuku kwa mama, Kibara, dada. Wenzao wamekufa ghafla."

Rhobi alikwenda kuwatazama waliokufa na yule mgonjwa. Akarudi uso umebadilika.

"Dalili hizi ni za kideri. Wengine wanaita mdondo. Shusha tenga."

"Lakini hawa ni wazima!"

"Kwa macho, ndiyo. Ugonjwa unaweza kuwa umeshawaingia, haujajionyesha. Ukiwafikisha Kibara, utammalizia mama yako banda zima."

Jeska alipandwa na hasira. "Kwa hiyo nikae niwaangalie wakifa? Wape dawa basi! Wape chanjo!"

"Kideri hakina dawa. Na chanjo haimsaidii aliyeshaambukizwa, ni ya kumkinga mzima. Pole sana, mwenzangu. Najua inauma."

Jeska alishusha tenga. Alilia mbele ya bodaboda na wala hakuona aibu.

Rhobi hakuishia kwenye pole. Alimwambia Lameck arudishe kisu. "Msichinje mgonjwa, wala msigawie jirani nyama. Damu, manyoya na utumbo vinasambaza ugonjwa." Lameck akachimba shimo refu, wakazika mizoga yote. Jeska akafagia banda, akalipulizia dawa ya kuulia vimelea, akaosha mikono na malapa yake kwa sabuni.

"Na usiende kwa mwenye kuku yeyote kwa sasa," Rhobi alisema. Halafu akampigia simu afisa mwenzake wa Kibara, amchanjie Lukresia kuku wake mapema.

Yule mgonjwa na wale wa kwenye tenga walikufa wote kabla ya Jumapili. Uwanja ukawa kimya. Jeska aliamka asubuhi akakosa wa kumsema, na moyo ulimuuma kweli.

Banda lilikaa tupu wiki nyingi. Rhobi alipolikagua na kuridhika, Jeska alikwenda Kibara. Alifika uwanjani kwa mama yake akasimama. Kuku walikuwa kila mahali, wanaparura, wanafukuzana, vifaranga wanalia.

Lukresia alitoka jikoni. "Mbona umesimama hapo kama mgeni? Nimekuchagulia mitetea ukaanze upya."

"Wamechanjwa, mama?"

"Hee! Siku hizi hata shikamoo hakuna, unaanza na chanjo! Wamechanjwa. Tone moja jichoni kila kuku. Miezi mitatu ikiisha tunarudia."

"Na mimi kwangu nitachanja hivyo hivyo. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sasa unalia nini?"

"Nilishawatia kwenye tenga, mama. Nilikuwa nakuja nao. Ningekuulia hawa wote."

Lukresia aliwatazama kuku wake, akamtazama mwanae. Akamshika mkono.

"Hukuja nao," alisema. "Ingia ndani ule."